Kaseti ya Merle na Kivuli cha Tritoni

Colin Radke alinipa kiti cha marehemu mkewe, darubini ya marehemu mkewe, na blanketi ambalo bado lilikuwa na unywele mmoja mweupe uliojisokota kwenye sufi. Kitu kimoja tu alininyima. Hakuniambia marehemu aliona nini.

"Nikikuambia, Quilty," alisema, "utakiona hata kama hakipo."

Nilikuwa dereva wake tu. Tulikutana mji wa pwani wa Bundaberg, kwenye kambi ya magari ya kulala, ambako nilikuwa nimeegesha maisha yangu kwa muda, na yeye akawa anatafuta mtu wa kumpeleka bara kwa sababu macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho na jua likishuka haoni barabara. Malipo yalikuwa chakula na safari. Mimi nimezunguka nchi hii nikijenga nyua, nikipikia wakata sufi, nikichimba visima. Safari kwangu ni malipo tosha. Shule yangu ni ya kuokotaokota, kwa hiyo siku tatu za njiani Colin alinifundisha kazi kama anayemfundisha mtoto, na hakuchoka.

Kazi yenyewe ni hii. Huko mbali, kwenye sayari ya Neptuni, kuna mwezi mkubwa unaoitwa Tritoni. Unazunguka kinyume na mwendo wa sayari yake, na wanaojua wanasema haukuzaliwa pale, ulikuwa unapita njia yake ukanaswa. Mimi niliupenda kwa hilo. Mara chache sana, Tritoni hupita mbele ya nyota. Nyota ikifunikwa, kivuli cha mwezi ule hukimbia juu ya dunia, na aliyekaa katikati ya njia yake huiona nyota ikizimika kwa dakika moja na robo tatu hivi, kisha ikiwaka tena. Wako watu, wastaafu wengi wao, mafundi simu, walimu, makarani wa posta, wenye chama chao, ambao hubeba darubini na kujitawanya nchi nzima ili kusema ilizima sekunde gani na ikawaka sekunde gani. Sekunde zao zikikusanywa, ndipo hujulikana Tritoni ni mnene kiasi gani na hewa yake ni nyembamba kiasi gani.

Kila mtazamaji anakuwa na redio ya saa, inayotoa mlio mmoja kila sekunde, na kinasa sauti. Jicho linabaki kwenye darubini. Mdomo unasema. Kaseti inakamata milio na maneno pamoja. Wakiwa wawili mahali pamoja, wanakaa hatua mia mbili mbali, ili mmoja asisikie mwenzake na kuona kwa masikio. Mtazamaji aliyemsikia mwingine hahesabiwi.

Miaka kumi na mitatu kabla ya safari yetu, kivuli cha namna hiyo kilipita, na Colin na Merle mkewe walikikalia pamoja, yeye kwenye darubini kubwa na Merle kwenye ndogo. Walipoandika ripoti, ya Merle ilikuwa na mstari mmoja ambao ya Colin haikuwa nao. Katibu wa chama akauliza yupi aaminiwe. Kanuni yao ni kwamba darubini kubwa hushinda, mradi jicho halikutoka kwenye lenzi. Colin akajibu kuwa jicho lake halikutoka. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipanga ripoti za jimbo, kalamu iliyoufuta mstari wa Merle ilikuwa yake.

Merle hakukaa tena kwenye kiti kile. Alikufa majira mawili ya baridi kabla sijamjua mumewe.

"Kwenye karatasi amekufa muongo," Colin aliniambia, tukiwa tumesimama kumpisha ng'ombe barabarani. "Niliyemwandika hivyo ni mimi. Nataka kujua kama alisema kweli. Basi. Sina shida nyingine."

Nikamwambia pengine ingetosha kuamini tu kwamba alisema kweli. Akanitazama na yale macho yake yenye ukungu.

"Kuamini ni kazi ya kanisani, mwenzangu."

Siku yenyewe tulifika mchana kwenye kituo cha mafuta cha Noelene, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia mbwa, magharibi ya mji wa Longreach, ambako tungesubiri simu. Njia ya kivuli haijulikani kwa uhakika hadi saa za mwisho. Huweza kuhama kilomita mia mbili ukabaki umekaa nje ya kivuli na darubini yako kama mtu aliyekosa treni. Simu ikaja saa nane. Mstari wa katikati ulikuwa umesogea kaskazini. Tulitakiwa kwenda kilomita sabini zaidi, kwenye malisho ya shamba moja la kondoo.

Noelene alitaka kujua kwani tunafuata nini. Colin akamweleza kwa ufupi.

"Mmetoka pwani kuja kuangalia nyota ikizima?" alisema Noelene huku akitukatia nyama ya chumvi. "Kwangu hapa taa huzima kila Jumatano. Mngekuja mkatazama bure."

Tukacheka. Akatujazia chupa ya chai. Colin akaibeba hadi mlangoni, akasimama, akarudi kuiweka juu ya kaunta. Nilidhani amesahau kitu. Nilipomuuliza kwenye gari akasema chai hatutaihitaji.

Gari lilikuwa lile lile la zamani, la wakati wa Merle. Mlango wake wa nyuma ulikuwa na kilio chake: ukiufungua unalia kama jogoo asiyemaliza wimbo, ukiufunga unagonga mara mbili. Siku tatu nilizopandisha na kushusha mizigo kupitia hapo zilinitosha kuujua hata nikiwa usingizini.

Tulifika malishoni jua likizama. Udongo mwekundu, miti michache ya gijii, jamii ya mgunga, hakuna upepo. Kabla giza halijakaza Colin alinipima ulimi. Kila mtazamaji ana uchelewaji wake, tangu jicho lione hadi mdomo useme, na unaandikwa kando ya jina lake. Aliwasha tochi ghafla mara ishirini, na mimi nikasema "sasa" mara ishirini.

"Sehemu saba za kumi za sekunde," alisema. "Ulimi wako unatembea kwa magongo."

Nikamuuliza wa Merle ulikuwa ngapi.

"Tatu."

Kisha akahesabu hatua mia mbili pamoja nami, akaniwekea kiti, akanilengea nyota. Kwenye lenzi Neptuni ilikuwa tone la buluu, na kando yake nyota yetu, ndogo, nyeupe. Tritoni yenyewe ilikuwa imeshaikaribia mno, huwezi kuzitenga. Alinipa kinasa sauti cha Merle, kaseti ikiwa ndani. Bonyeza kitufe chekundu, cha kunasa, na kile cha kucheza kwa pamoja, dakika tano kabla. Sema jina na mahali. Halafu kazi ni moja.

"Jicho lisitoke. Gari likiungua, jicho lisitoke. Nyota ikizima na ukaona hakuna kitu, endelea kuangalia hicho kisicho kitu. Umenielewa?"

Nikasema nimemuelewa. Akasimama pale kidogo, akagusa mkono wa kiti, akaenda zake.

Saa mbili na dakika kumi na mbili nikabonyeza. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nilisikia kitu kikishuka na kaseti ikianza kuzunguka, nikarudisha jicho kwenye lenzi. Nikasema Pat Quilty, nikataja shamba. Chini ya sauti yangu kulikuwa na mnong'ono, nikadhani kituo kingine kimeingilia redio. Masafa mafupi ndivyo yalivyo. Utasikia mtu wa Jakarta akihubiri ndani ya bei za ng'ombe.

Halafu milio ikawa miwili. Mlio wa redio, na nyuma yake kidogo mlio mwingine, hafifu, kama mtu anayekufuata gizani akikanyaga pale pale ulipotoka kukanyaga. Nikasema moyoni ni mwangwi. Malisho yale yalikuwa tambarare kama meza, mwangwi ungetoka wapi?

Ndipo mwanamke akakohoa kando ya goti langu.

"Upepo hakuna," alisema. "Nyota imetulia."

Sikuthubutu kusogea. Ilinichukua milio mingi kuelewa kwamba kitufe chekundu hakikuwa kimeshuka, kwamba kaseti haikuwa ikininasa mimi bali ilikuwa ikimtoa yeye, na kwamba alikuwa ameiwasha dakika tano kabla, kama kanuni inavyotaka, kama nilivyoiwasha mimi. Alikuwa akingoja kivuli chake, nami nikingoja changu. Kuizima kungenilazimu nishuke na kupapasa chini ya blanketi, na jicho lingetoka. Nikamwacha aseme.

Nyota ilianza kufifia. Haikuzima kama taa inayokatwa. Ililegea, kama chemli inayokwisha mafuta, ikabaki ukungu, ikabaki kama kumbukumbu ya kitu, ikaisha.

"Imezima," nilisema.

Milio kumi na moja baadaye, Merle akasema, "Imezima."

Nikaendelea kuangalia kisicho kitu. Tone la buluu lilikuwa pale, na kando yake palikuwa peusi. Milio miwili miwili. Kisha nikasikia mlango wa gari. Ule mlango wetu. Ukalia, ukangoja, ukagonga mara mbili. Nilishikwa na hasira. Baada ya maneno yote yale, mzee ameondoka kwenye darubini, na nilikaribia kugeuza kichwa nimuone.

"Mlango wa gari," alisema Merle, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. "Colin ametoka."

Sikugeuza kichwa.

Na pale peusi, nyota ikarudi. Si kwa wakati wake. Nusu ya muda ilikuwa bado. Ilivimba pale pale ilipozikwa, polepole kidogo, ikawa nyeupe, karibu ing'ae kama mwanzo. Nilihesabu milio mitatu ya redio. Ikazama. Nilisahau kusema lolote. Nilijua kwamba nimeona kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo, na kwamba hakuna mtu aliyeniambia nikione.

Milio ikaendelea. Nane. Tisa. Kumi.

"Mwanga," alisema Merle. "Sasa. Bado upo. Bado. Umeondoka."

Nilibaki hapo machozi yakinishuka, tuseme ya baridi, hadi nyota ilipowaka kweli. Nikasema imewaka. Naye akasema imewaka. Hapo nikaingiza mkono chini ya blanketi nikamzima.

Colin nilimkuta bado ameinama kwenye lenzi ingawa yote yalikuwa yamekwisha.

"Sikuipata," alisema bila kuinuka. "Ilipoanza kufifia tu nikaipoteza, haya macho. Lakini sikutoka, Quilty. Nimekaa hapa muda wote. Sikutoka." Kisha akasema, "Haya. Sema."

Nikamwambia. Ilizima, ikakaa, ikarudi katikati, ikazima, ikawaka.

Akauliza ile ya katikati ilikaa milio mingapi.

"Mitatu."

"Aliandika mitatu," alisema Colin. Akainua mikono akafunika uso, akaishusha, akaanza kukunja vifaa kwa haraka kama mtu mwenye pa kwenda. Alisema hewa ya Tritoni ndiyo iliyoupinda mwanga wa nyota kutoka pande zote na kuukutanisha katikati ya kivuli. Chama kilikuja kulijua jambo hilo baadaye, watu wengine wakaliona kwingine, lakini la Merle lilikuwa limeshafutwa na hakuna aliyelikumbuka. Alisema sauti yangu ndiyo itakayomrudishia Merle mstari wake. Akaomba kaseti.

Ningeweza kumwambia kinasa sauti kiliharibika. Nililifikiria hilo kwa urefu wa hatua zote mia mbili, kwenda kuchukua vifaa na kurudi. Lakini angeisikiliza tu, leo au kesho, na ingekuwa vibaya zaidi akiwa peke yake. Nikamwambia sauti yangu haimo.

Ndani ya gari aliiweka kaseti chini ya tochi. Vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwake vilikuwa vimevunjwa, kama mtu anavyovivunja asipotaka kaseti ifutwe; ndiyo maana kitufe chekundu hakikushuka. Colin aliikuta ndani ya kinasa sauti, hakuna kilichoandikwa juu yake, akadhani ni tupu. Hakuwahi kuisikiliza. Mwaka ule Merle alinakili sekunde zake mwenyewe kwenye karatasi, na Colin akashughulika na karatasi.

Nikairudisha mwanzo. Tulikaa viti vya mbele, milango imefungwa, tukamsikiliza Merle akitaja jina lake na mahali. Colin alikuwa akitabasamu kidogo. Alitabasamu kwenye kikohozi. Alitabasamu kwenye "imezima".

Mlango ulipolia ndani ya kaseti, mkono wake ulikwenda kwenye kitasa cha mlango wa ubavuni mwake ukakishika.

Mlango wa gari. Colin ametoka.

Hakukiachia kitasa hadi mwanga ulipokuja na kuondoka. Nilinyoosha kidole nizime. Akanizuia.

"Nilifuata chai," alisema. "Kulikuwa na baridi. Nyota imejificha, nikajiambia, kuna nini cha kuangalia? Dakika moja na nusu ya giza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, katibu alipoandika.

"Nilikuwa nimeshajaza fomu. Kuna mahali pa kuweka alama: jicho halikutoka. Siku zote naweka alama. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine jicho lisitoke. Na yeye aliniuliza. Jikoni. Aliniuliza, jicho lako lilikuwepo, Col? Nikasema lilikuwepo. Akasema haya. Akaendelea kuosha vikombe."

Kaseti ilikuwa bado inazunguka. Merle akasema imewaka. Milio ikaendelea kidogo, na kwa mbali sana ikasikika sauti ya mwanamume, ya kijana zaidi, yenye furaha.

"Merle! Njoo, chai inapoa."

"Nakuja, Col," alisema Merle, karibu kabisa. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuongeza neno. Kisha kitufe.

"Alijua," alisema Colin. "Miaka kumi na mmoja tumekula meza moja, na alijua."

Akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaniomba tena. Mara ya tatu nilitoka nje nikamwacha naye, nikaenda kusimama karibu na kiti. Baridi ilikuwa imekaza na malisho yalikuwa kimya hivi kwamba kila kitu kilinifikia pale: milio, kikohozi, mlango wa gari uliofungwa miaka kumi na mitatu iliyopita, na kijana yule akimwita mkewe kwa furaha chai inapoa, chai inapoa, na kila mara mkewe akimjibu kwamba anakuja.

Asubuhi, kwa Noelene, alijaza fomu. Kwenye jina lake akaandika: hakuona, macho mabovu. Kwenye langu akaandika: sauti haikunaswa, alimsikia mtazamaji mwingine. Nikamwambia mimi mwanga niliuona kabla Merle hajasema neno.

"Najua," alisema. "Lakini aliyesikia hahesabiwi."

Kisha akatoa karatasi nyingine, ya zamani, nakala ya ripoti yao. Aliikata ripoti yake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kando yake: mtazamaji alikuwa kwenye gari. Chini yake, kwa herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri, akaurudisha mstari wa Merle neno kwa neno, akanipa kalamu niweke sahihi ya shahidi. Kaseti akaifunga kwenye kitambaa, lakini hiyo hakuitia kwenye bahasha ya katibu. Aliitia mfuko wa shati.

Noelene akaja na chupa ya chai tuliyoiacha, akaiweka mbele ya Colin.

"Wasahaulifu nyinyi," alisema. "Haya niambieni, ilizima?"

"Ilizima," alisema Colin. "Katikati ikarudi, kwa sekunde tatu, ikazima tena. Mke wangu aliiona."

Noelene akafurahi kusikia hivyo. Akafungua chupa, akapanga vikombe vitatu, akachungulia dirishani kuelekea gari letu ili amuite huyo mke aingie.